Mbeleko ya Usun

Usun alifariki kabla meno yake hayajatimia, lakini mama yake hakuacha kuitwa Mama Usun, na mtoto mwingine hakupata. Serikali ilipojenga bwawa na maji ya mto kupanda, makaburi ya kijiji yalizama pamoja na mashamba ya mpunga, na la Usun limo humo. Alichobaki nacho mama huyo ni mbeleko ya henzerani, iliyosukwa kama kiti cha kumbebea mtoto, mgongoni imefunikwa shanga za manjano na nyeusi, na katikati ya shanga pameshonwa umbo la mtu kamili, kichwa hadi nyayo.

Umbo hilo ndilo lenye kisa. Kwetu Wakenyah, kabila la kisiwa cha Borneo, mtu kamili alikuwa wa nyumba ya chifu peke yake. Akina sisi tulishona kichwa tu, tukanyamaza. Mama Usun hakuwa mtu wa nyumba kubwa, ila bintiye alikuwa hapumui vizuri tangu kuzaliwa, basi akafanya walichofanya wengi. Alimpeleka kwenye baraza la nyumba ndefu, ile ambamo kijiji kizima kiliishi chumba kwa chumba, akamkabidhi mke wa chifu, Bi Lahang, na kusema kwa sauti, ili pepo wabaya wasikie, "Huyu si wangu, ni wako." Pepo waliokuwa wakimwinda mtoto wa maskini wangepotea njia. Jioni akarudi naye chumbani kwake na kuanza kumshonea mbeleko ya kichifu. Mtoto akipona, ulimpelekea jogoo yule aliyempokea, naye akakurudishia mwanao kwa maneno, mbele ya watu wale wale.

Usun hakupona. Na nani atashika jogoo mkononi akidai maneno yake, huku maiti ya mwanawe iko ndani? Mambo yakaachwa hivyo hivyo.

Miaka ikapita, wakaja watu wa makumbusho mapya ya mjini kuomba vitu vya zamani na habari zake. Aliyefika kwa Mama Usun ni binti mmoja mpole, Felicia, na kinasa sauti chake.

"Nikikupa hii, jina la mwanangu mtaliandika?"

"Tutaliandika, bibi."

"Kaburi hana, unanielewa? Nataka awe na pahali."

"Nakuelewa, bibi."

Akamsimulia yote bila kuficha, hata yale maneno ya barazani, akaitoa mbeleko.

Siku ya ufunguzi alivaa sketi yake nzuri akaenda. Mbeleko ilikuwa ndani ya kioo, imemulikwa taa. Kusoma hajui, akamwomba Felicia amsomee kibao.

"Mbeleko ya Usun, binti wa Chifu Jalong na Bi Lahang."

"Soma tena, mwanangu."

Felicia alisoma tena, sauti imepungua. "Jina lake lipo, bibi."

"Lipo. Na mimi niko wapi?"

"Wazee ndio waliothibitisha. Na hata wewe ulisema ulimtoa."

"Yale nilikuwa nawaambia pepo. Sikukwambia wewe."

Mzee aliyethibitisha alikuwa Ngau, mwana wa Bi Lahang, na hapo alikuwa anakuja mwenyewe, kofia ya manyoya kichwani. Watu hawakusahau kwamba mitungi ya urithi ya ukoo wake aliwauzia wachuuzi zamani, mmoja baada ya mwingine, na sasa makumbusho yamefunguliwa, nyumba ya chifu haina cha kuonyesha. Aibu ile alikuwa ameifunika kwa mbeleko ya maskini.

"Shangazi," alimwita, kwa adabu si kwa undugu, "mbona umenuna siku ya sherehe?"

"Ngau, nirudishie mwanangu."

"Mila unaijua kunishinda. Ulimtoa hadharani, hakurudishwa."

"Kesho naleta jogoo."

"Umpe nani? Aliyepokea ni mama, na mama hayupo. Mimi nitarudishaje nisichokipokea?"

"Kurudisha huwezi, ila kudai unaweza."

Ngau alicheka. "Ulimi wako haujazeeka, shangazi."

Mama Usun alisikia hasira ikimpanda kifuani, na juu ya hasira, uchungu ule wa siku ya maziko, mbichi kabisa. Angepiga kelele, lakini mgeni rasmi, mama mmoja mnene mwenye tabasamu, alikuwa ameshafika na wapiga picha wake. Alisimama mbele ya kioo, akasikitika kwamba mtoto alikufa mdogo, kisha akageuka.

"Na bibi huyu ni nani?"

Ngau alimwekea Mama Usun mkono begani, kwa upole wa mtu aliyelelewa vizuri. "Huyu ndiye aliyekuwa akimbeba dada yangu."

Mgeni alimshika mikono yote miwili. "Ahsante sana, bibi, kwa kumtunza mtoto wa watu. Kazi ile si ndogo."

Kamera zilimwelekea. Mama Usun alimtazama, akaitazama mbeleko.

"Hakuwa mzito," alisema.