Bakuli la Mama na Tati ya Plamu

Tarehe kumi na sita Machi, siku ya Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, nilimpoteza mama. Alianguka jikoni kwake Elburgon akipakua uji, na baba alipomfikia alikuwa ameshakwenda. Siku hiyo bakuli lake lilikuwa bado kwenye kabati langu hapa Nakuru. Lilikuwa limekaa hapo tangu Januari.

Ni bakuli pana la enameli, jeupe, lenye ukingo wa bluu, na upande mmoja rangi imebanduka. Januari mama alikuja kunitembelea akiwa amelijaza plamu za mti wake na kulifunga kwa leso. Kwetu mtu akikuletea kitu kwenye chombo, hukirudishi bila kuweka chochote ndani. Mboga zinatosha, hata nusu kilo ya sukari. Mama angerudi nalo siku ileile likiwa na sukari na majani ya chai, kama miaka yote. Mimi ndiye niliyelizuia.

"Liache, mama," nilimwambia. "Nitakuletea mwenyewe, likiwa na kitu hujawahi kula."

"Kitu gani?"

"Tati. Ni kama keki, lakini bapa. Chini ni pastri, katikati jibini, juu plamu zako."

"Jibini si ni yale maziwa watu wanaacha mpaka yakauke?"

"Ndiyo hayo."

"Haya, nitakula. Nikiugua utanipeleka hospitali."

Alicheka, akaenda mikono mitupu. Tulikubaliana Jumapili ya pili kutoka siku hiyo.

Tati nilijifunza nilipokuwa nikiosha vyombo katika nyumba moja ya wageni upande wa Naivasha. Shule niliacha kidato cha pili, na kila ninachojua cha jikoni nilikipata kwa kusimama nyuma ya mtu na kutazama. Mpishi wa pale aliniambia, "Hii ni kazi ya mvivu, dada. Kazi ngumu duka limeshakufanyia." Alikuwa na maana ya pastri ya tabaka, ile inayouzwa supamaketi ikiwa imegandishwa. Unaiacha iyeyuke ndani ya friji, si mezani, kwa sababu siagi iliyo ndani ikilainika mapema pastri haitafura. Unaikunjua, unachora mstari kwa kisu kuzunguka kingo bila kukata mpaka chini, katikati unatobatoba kwa uma. Unakoroga jibini laini na yai na sukari kidogo, unapaka, unapanga matunda, unaiweka kwenye oveni iliyoshika moto vizuri. Kingo zinainuka zenyewe. Ukivumilia usifungue mlango wa oveni, umemaliza.

Nilipika Jumamosi, siku moja kabla ya safari. Plamu za mama zilikuwa zimeiva kabisa, nikazikata nusu nusu na kuzipanga zikitazama juu. Ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kupika. Ilipopoa niliikata vipande nikaipanga ndani ya bakuli, nikatafuta leso.

Hapo simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa.

"Dada, fungua geti. Tumekuja kukuona."

"Si mlisema wiki ijayo?"

"Tumesema leo. Ama unataka turudi?"

Walikuwa watano. Mara ya mwisho walipokuja kwangu sikuwa na maziwa, nikawapa chai ya rangi, na mwenyekiti akasema kwa kicheko kwamba kwangu mtu akija abebe ng'ombe wake. Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini maneno hayo yalinikaa.

Nataka kusema ukweli hapa. Mkate ulikuwepo, mzima, haujafunguliwa. Maziwa yalikuwepo. Hakuna mtu aliyeiona tati jikoni, na hakuna aliyeuliza. Nililibeba bakuli la mama kwa mikono yangu nikaliweka mbele yao.

"Wee! Hii umenunua wapi?"

"Nimepika."

"Usitudanganye."

"Nimepika mimi."

"Kumbe tunakaa na mtu wa hoteli kubwa na hatujui! Sogeza bakuli, mimi kipande kimoja hakinitoshi."

Walikula mpaka mwenyekiti akachovya kidole akaokota makombo. Nilifurahi. Sitasema kwamba moyo uliniuma wakati ule, kwa sababu haukuniuma. Uliniuma Jumapili, saa nane mchana, mama aliponipigia.

"Uko wapi? Tumetoka kanisani."

"Mama, sikuweza kupika. Stima zimepotea tangu jana. Oveni haiwaki."

"Pole," alisema. "Basi siku ingine."

Nilipoweka simu chini ndipo nilipokumbuka. Oveni yangu ni ya gesi. Mama alijua vizuri, kwa sababu siku nilipoinunua yeye ndiye aliyeshika upande mmoja wa mtungi tukiupandisha ngazi, akilalamika magoti.

Ningepika nyingine wiki iliyofuata. Pastri nilinunua, ikakaa kwenye friza. Lakini plamu zake zilikuwa zimeisha, nilikuwa nimezitia zote kwenye ile ya kwanza, na niliona haya kumwomba nyingine. Angeuliza zile zimeenda wapi. Kumpelekea bakuli na sukari pia niliona haya, baada ya kujisifu vile. Basi kila Jumapili nikawa na sababu. Mvua. Mafua. Mkutano wa kikundi. Mama hakuuliza tena habari ya tati. Aliuliza tu kama nimekula.

Kwenye mazishi kikundi kilikuja na sare zao, na mwenyekiti akapewa nafasi ya kusema. Alisema vizuri, kwa upendo, wala simlaumu. "Huyu dada yetu alilelewa," alisema. "Mwezi wa kwanza tulimwendea bila kumwambia, akatupa tati ya plamu kutoka kwa mti huu mnaouona hapa nyuma. Bakuli lilijaa. Mkono huo ni wa mama yake."

Watu waliitikia amina. Nilikuwa nimeketi karibu na baba. Hakunitazama. Aliangalia kofia yake magotini, akaigeuza, akaigeuza tena.

Baada ya hapo nilikaa wiki tatu bila kwenda nyumbani. Nilimpigia baba simu kila siku, tukaongea habari za ng'ombe. Nilijua kwamba nikienda ni lazima nipeleke bakuli, na nikipeleka bakuli ni lazima niseme. Baba ana miaka themanini kasoro. Niliogopa afe naye, nibaki na uongo usio na mtu wa kuusikia.

Ijumaa moja niliitoa pastri kwenye friza nikaiweka kwenye friji iyeyuke. Msimu wa plamu ulikuwa umepita, kwa hiyo nilinunua matunda damu sokoni, yale mekundu yenye umbo la yai. Niliyamwagia maji ya moto, nikayamenya, nikayakata mviringo na kuyanyunyizia sukari kwa sababu yana ukali. Nilifanya kila kitu kama siku ile. Upande mmoja haukufura, nadhani pastri ilikuwa imekaa sana. Niliikata hivyohivyo, nikaipanga ndani ya bakuli, nikafunga leso.

Jumamosi baba alinikuta getini. Huniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Mama, umekuja." Akaliona bakuli. "Na hilo limekuja."

Tuliketi nje ya jikoni. Sikungoja chai. Nilimwambia yote: mkate uliokuwepo, wale wamama watano, vile nilivyofurahi, na stima.

"Stima," alisema baba.

"Ndiyo."

"Aliweka simu chini akaniambia, 'Mzee, siku hizi gesi ya Nakuru inatumia stima.'"

"Alikuwa na hasira?"

"Alicheka."

Nilitaka aishie hapo. Lakini baba ni mtu wa kumaliza anachoanza.

"Siku hiyo alicheka. Alikuwa amemwita jirani aje aionje hiyo tati, akaishia kumpa viazi vitamu. Siku zingine alikuwa anasikia gari barabarani anatoka kuangalia. Kisha akaacha kutoka."

Nilisema, "Nisamehe, baba."

"Mimi hukunikosea kitu," alisema. "Na yeye hayuko."

Alifungua leso, akachukua kipande, akakigeuza akakitazama chini na juu. Aliuma. Akatafuna kwa muda mrefu, kwa meno yaliyobaki upande wa kushoto.

"Hii ni nyanya imewekwa sukari?"

"Ni matunda damu. Plamu zimeisha."

"Angesema ni kali." Akamaliza kile kipande, akachukua kingine.

Vilivyobaki alivihamishia kwenye sahani na kuvifunika kwa sufuria. Nilinyoosha mkono niliweke bakuli kwenye rafu ya mama, lakini baba alilichukua. Alilipeleka kwenye mfereji, akalisugua kwa mchanga kama mama alivyokuwa akifanya, akalisuuza, akaenda nalo shambani taratibu. Nilimwona akiinama mara kadhaa. Aliporudi lilikuwa na viazi saba vyenye udongo mbichi, na juu yake fungu la mboga. Alilifunga kwa leso ileile. Fundo lilimshinda mara ya kwanza, akalifungua akafunga upya.

"Hili usikae nalo," alisema.

Alinisindikiza mpaka stejini akiwa amelibeba yeye, akanipa nilipokuwa nimeshaketi ndani ya matatu, nikalipakata.