Kidogo cha Nani?

Juzi, kwenye kimkahawa cha Makadara, binti mmoja mhandisi alikuwa akimsomea shangazi yake, mwenye mkahawa, maagizo aliyoandika ya kupima redio za helikopta za uokoaji. "Ukielewa wewe, shangazi, fundi yeyote ataelewa."

Akasoma: "Washa redio, kisha subiri kidogo."

Shangazi akaitua birika. "Kidogo cha nani? Jumatatu fundi wa mfereji kaniambia nisubiri kidogo, hadi leo maji sijayaona."

Binti akacheka, kisha akaitazama tena karatasi yake. Rubani anayemtafuta mtu baharini hana subira ya mfereji. Akafuta, akaandika: sekunde thelathini.

Nami, mteja wa meza ya jirani, nikajipa moyo, nikauliza chai yangu iko wapi.

"Yaja, subiri kidogo," shangazi akanijibu bila kugeuka.

Binti akanisogezea kalamu.