Tsvetana na Mstari Unaoshuka

Tsvetana Koleva nilikaa naye dawati moja kwenye shule ya watu wazima hapa Gabrovo, mji wa Bulgaria ambao watu wake hutaniwa kwa ubahili. Mchana alishona mapazia, jioni alipigana na hesabu. Alitaka kuwa muuguzi, na chuo hakipokei mtu bila cheti. Masomo mengine alishapita. Hesabu ilikuwa imemwangusha mara mbili, na safari hii akianguka basi, hakuna mtihani mwingine. Nilimpenda sana, lakini jamani, kichwa kigumu!

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alitoa namba ndogo kwenye kubwa, hata iweje. Pazia halina urefu ulio chini ya sifuri, kwa hiyo hasi aliiona kama tusi.

“Mama, nyie wa Gabrovo hamkubali hasara hata kwenye karatasi?” mwalimu Hristozov alimtania.

“Nyie wa Sofia ndio mmeizoea, mwalimu,” akamjibu.

Siku ya mtihani tuliitwa ubaoni mmoja mmoja. Tsvetana akapewa nukta mbili, (2, 5) na (5, 1), aandike mlinganyo wa mstari unaopita hapo, usiwe na sehemu. Tano kutoa moja, nne. Tano kutoa mbili, tatu. Akapata mteremko wa 4/3, akaandika 4x − 3y = −7. Nilitamani kumtupia kiatu.

Akaijaribu nukta ya kwanza: nane kutoa kumi na tano, hasi saba. Ikakubali. Ya pili: ishirini kutoa tatu, kumi na saba. Ikakataa. Akaganda.

“Umemaliza, mama?”

“Bado, mwalimu. Huu mstari unapanda, na nukta zangu zinashuka.”

Akafuta. Sasa alifuata mpangilio: moja kutoa tano, hasi nne; tano kutoa mbili, tatu. Mteremko −4/3. Akaandika y − 5 = −4/3(x − 2), akazidisha pande zote kwa tatu, akapanga: 4x + 3y = 23. Nukta zote mbili zikakubali.

“Leo hasi hukuiogopa?” Hristozov akauliza.

“Nimeiogopa, tena sana. Ila mapazia yamenichosha.”

Akampa nne. Kwetu mbili ni kuanguka, tatu inatosha. Tsvetana akaketi palepale sakafuni, chaki mkononi, akalia kwa kwikwi. Likaitwa jina langu, nikasimama mbele ya ubao, na kwa machozi sikuona hata nukta moja.