Chakula Kilichoonjwa Jikoni

Nakumbuka siku moja hapa Pasiansi, mwanangu, ugali na samaki sato vilipoa mezani huku wanaume wazima wakivitazama tu, na njaa wanayo. Nilikikumbuka kisa hicho jana, uliposikiliza redio ukaniuliza mbona nchi jirani wanakaa mezani kupatana kila mara na vita haviishi.

Nilikuwa binti, mpishi msaidizi kwenye hoteli ya ufukweni. Walikuwa wameletwa watu wa nchi jirani kupatanishwa, serikali yao upande huu, waasi upande ule. Mwenzangu jikoni, Riziki, alikuwa mkimbizi wa nchi hiyohiyo. Mama yake alibaki huko. Alisema wakikubaliana tu, anapanda basi.

Nikapeleka chakula. Hakuna aliyenawa. Shangazi yangu, mpishi mkuu, akaniita.

"We binti, umeonja?"

"Nimeonja, shangazi. Hukuhuku jikoni."

"Sasa wao wamekuona?"

Kwetu anayekaribisha huonja chakula mbele ya mgeni, ajue hakina sumu. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini kwenye meza zenye vitambaa vyeupe nikaona ni ushamba. Shangazi akaingia, akamega kwenye kila sahani, akatafuna taratibu bila haya. Wakacheka, wakala. Riziki akaanza kukunja kanga zake, nami nikaamini vita vimekwisha.

Kumbe wapi! Alasiri likazuka zogo. Waasi walitaka majeshi ya kigeni yaliyoko kwao yaondoke kwanza. Serikali ikasema hao ni walinzi, tumewaalika wenyewe, ninyi wekeni silaha kwanza. Mzee mmoja wa waasi akamgeukia shangazi aliyekuwa akikusanya vyombo.

"Mama, wewe umeonja tukakuona. Hao wanajeshi, mapatano ya kuwaleta yalionjwa wapi?"

Shangazi akabeba vyombo vyake akarudi jikoni. Wageni wale wakaondoka vilevile walivyokuja, na Riziki akazikunjua kanga zake.

Hadi leo sijui nani alikuwa mkweli. Pengine bila wale askari wa kigeni watu wangechinjwa. Pengine ndio waliochochea vita. Riziki nilipomuuliza alisema mama yake aliwaogopa wote, wenye sare za kwao na wenye sare ngeni. Baadaye alihamishiwa kambini, sikusikia habari zake tena. Inanichanganya sana, mwanangu, na uzee haujanisaidia.

Nakuasa kile kidogo nilichokielewa. Jambo linalomhusu mwenzako lifanye akiwa anakuona, hata kama nia yako ni njema. Chakula changu siku ile kilikuwa salama kabisa, na bado hakuna aliyekigusa.

Mungu akujalie nyumba ambayo mgeni hali kwa hofu. Naye Riziki, popote alipo, amjalie awe amemkuta mama yake jikoni.