Minyoo ya Nyani Katika Vikopo vya Watu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka napandwa na hasira, na hasira yenyewe haina pa kwenda, kwa sababu aliyekosa ni mimi. Imekaribia miaka hamsini sasa tangu siku hiyo. Nilidhani hasira imepoa. Lakini juzi umeniletea fomu zako za uchunguzi wa maji nizitie saini kama mzee wa kijiji: kaya arobaini umezijaza kwa siku moja, kwa kalamu moja, na kila mama amejibu kwamba anachemsha maji ya kunywa. Kila mama! Mimi naishi hapa, mwanangu, na kuni naziona zilivyo adimu. Kaa chini nikueleze.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, muda mfupi baada ya Operesheni Vijiji. Tulikuwa tumetolewa kwenye maboma yetu ya zamani na kupangwa kwa mistari kando ya kijito, mashariki ya Bariadi kuelekea pori la akiba. Hatukufurahi, lakini tulijenga. Pamba ya kwanza ilikuwa imevunwa. Visima vya mchangani vilikuwa vimechimbwa, cha watu juu, cha ng'ombe chini. Kiangazi hicho watoto wakaanza kuhara, nyumba hadi nyumba.

Ndipo akaja mtafiti kutoka chuo, Daktari Kyando, mtu wa Mbeya, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Alipiga hema karibu na kijito. Alikuwa na hadubini yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo kazi yake ilitegemea mbingu iwe safi. Alitaka kujua kama wanyama wa porini na watu wanaambukizana minyoo kwa kunywa maji mamoja. Alikuwa pia na sanduku la barafu. Humo aliweka choo cha watoto waliokuwa wakihara, kipelekwe kwenye maabara kubwa kutafutwa virusi vya utumbo, vijidudu ambavyo hadubini yake haikuweza kuviona. Barafu ile ililetwa na gari mara moja tu, na alishatuambia kwamba nyingine haitakuja.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza darasa la saba, na kijiji kikanichagua nimsaidie. Nilijiona mkubwa! Asubuhi tuligeuza mawe ya kijito na kuhesabu wadudu walio chini yake. Alinifundisha kwamba wako wadudu ambao hufa wa kwanza maji yakichafuka, na akafurahi kuwakuta kwetu wengi na wazima. Jioni tulikwenda kwenye miamba wanakolala nyani kuokota mavi yao. Kazi ya tatu ilikuwa yangu peke yangu: kugawa vikopo vya bati kwa kila nyumba, kuvikusanya kesho yake vikiwa na choo cha mwenye jina, na kuviweka katika ofisi ya kijiji mpaka Daktari avichukue.

Nyumba nyingi zilinipa. Kumi na moja zilikataa. Mmoja wa waliokataa alikuwa Mayu Nkwimba, yaani Mama Nkwimba, mjane jirani yetu, aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Mjukuu huyo alikuwa akihara siku ya tatu.

"Mwangaluka mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Kikopo chako hicho hapo, kisafi kama nilivyokipokea."

"Daktari anakisubiri, mayu."

"Basi naye ampe mama yake akijaze."

Nikacheka, nikaondoka. Angalia hapo, mwanangu. Sikumuuliza kwa nini. Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa mjinga kwa sababu sikuuliza. Niliona aibu ya kumrudia Daktari na vikopo vitupu, nikihofia atasema kijiji kimemchagulia kijana asiyeweza kazi. Nikapita kwenye miamba. Nadhani umeshajua nilichofanya. Nilijaza vikopo kumi na moja kwa mavi ya nyani, nikaandika majina ya watu kwa mwandiko mzuri kabisa, na sehemu ya kile cha Nkwimba nikaitia kwenye sanduku la barafu kwa jina la mjukuu wake.

Daktari alikaa na hadubini yake siku nne. Siku ya tano uso wake ulibadilika. Katika vikopo vya watu aliona mayai ya minyoo yaleyale aliyoyaona kwa nyani. Akarudia. Akaona tena. Akaniambia, "Masunga, wadudu wa kijito wanasema maji ni mazima, lakini matumbo ya watu yanasema jambo lingine. Itabidi nisikilize matumbo." Nilikuwa nimeshika ndoo. Ningeweza kusema wakati ule, tukiwa wawili. Nikaenda kuchota maji.

Mkutano wa kijiji ukaitwa. Mwenyekiti akasimama na karatasi. Akasema mtaalamu amegundua kwamba watu na nyani wanaambukizana minyoo hapa kijitoni, na barua ya kwenda wilayani imeshaandikwa: kijiji kihamishwe kabla ya mvua, kipelekwe mbugani, uwanda usio na nyani, nusu siku kwa miguu kutoka kwenye maji haya.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja tu aliuliza, "Tena?"

Neno moja, mwanangu. Nyumba yake mpya ilikuwa bado haijakauka udongo.

Watu wakadai kujua ni nani hao wenye minyoo ya nyani. Daktari akakataa majina yasomwe, lakini mwenyekiti alikuwa na nakala, naye alikuwa mtu wa kupenda kusoma hadharani. Jina la tatu lilikuwa la Nkwimba.

"Ndiyo maana mahindi yangu hayaishi kupotea!" kijana mmoja akapaza sauti, watu wakacheka.

Nkwimba akainuka. "Nani ameona minyoo yangu?"

"Daktari, mayu," akasema mwenyekiti. "Ameiona kwenye choo chako."

"Choo changu kipi?"

"Ulichompa Masunga."

"Mimi? Sijampa mtu choo changu tangu nizaliwe. Marehemu mume wangu aliondoka duniani bila kukiona!" Kicheko kikavuma tena, lakini yeye hakuwa akicheka. Alinigeukia. "Bebe, wewe Masunga! Nilikupa nini?"

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia miguuni pa mwanamke yule. Nikasema yote.

Daktari hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliuliza kwa sauti ileile ya kuhesabia wadudu:

"Ni vikopo vingapi?"

"Kumi na moja."

"Vipi na vipi?"

Nikataja saba. Vinne sikuvikumbuka, maana sikuwa nimeweka alama popote, na waliokataa hawakuthubutu kujitaja mbele ya mwenyekiti. Mwizi haandiki risiti.

"Hukumbuki," akasema. "Basi hata vile vya kweli siwezi kuviamini."

Barua ikachanwa pale pale. Kijiji hakikuhamishwa, na wapo wanaosema kwamba mwisho ulikuwa mwema. Nawaacha waseme. Mimi nilimsaidia Daktari kuchimba shimo na kumwaga kila kikopo, vya uongo na vya kweli, pamoja na vilivyokuwa kwenye barafu. Alifungasha hema keshoye. Watoto wawili walizikwa kabla ya mvua, mmoja wao mjukuu wa Nkwimba. Sisemi vikopo vingewaponya. Sijui, na sitaki kusema nisilolijua. Nasema kilichowaharisha kilikuwa na njia moja ya kujulikana, na njia hiyo niliimwaga shimoni kwa mikono yangu. Mpaka leo hakijulikani.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Nkwimba kuomba radhi. Alikuwa anakata viazi vya michembe, vile vinavyoanikwa juani vikauke, na hakusimamisha kisu.

"Ungeniuliza kwa nini nakataa," alisema, "ningekuambia. Choo cha mtu ni kama nywele zake na kucha zake. Mbaya wako akikipata, amekupata. Vikopo vyenu vinalala ofisini, mlango hauna hata kufuli. Ningekileta mwenyewe hemani, nikaona kinatiwa dawa, nikaona kinachobaki kinachomwa moto. Mambo mawili tu, Masunga. Nani angekataa?"

"Ningemwambia Daktari, mayu. Angekubali."

"Angekubali, eti! Siku tatu ulipita mlangoni kwangu ukicheka." Kisha akanisukumia kisu kingine. "Kata. Usinisimamie kama nguzo ya simu."

Nilikata viazi mpaka vikaisha. Hakusema tena neno juu ya jambo lile, siku ile wala nyingine, na kimya chake kilinifundisha kuliko vitabu vyote nilivyojisomea baadaye.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na usinikunjie uso. Mficha uchi hazai. Mtafiti anayeficha kikopo kitupu hazai elimu. Mtu akikataa, andika kwamba amekataa. Asipokuwepo, andika hakuwepo. Ukichoka ukashindwa kufika, andika hukufika, na utie tarehe. Kopo tupu nalo ni jibu, na mara nyingi linasema zaidi ya lililojaa, kwa sababu nyuma yake kuna mtu mwenye sababu. Kaa mlangoni kwake mpaka uisikie, hata kama kwako ni ya kipuuzi. Na ukiwa umeshakosa, sema mkiwa wawili, kabla barua haijaandikwa. Ukingoja mkutano, watakuwa wameshaingia wasiohusika. Wewe unashika kalamu tu, lakini mwisho wa kalamu hiyo kuna watu wanaohamishwa na watoto wanaozikwa.

Chukua fomu zako arobaini. Sitazitia saini. Kesho anza na nyumba ya kwanza, bisha hodi, usubiri.

Mungu akupe miguu ya kufika kila mlango, akupe masikio mapana kuliko mdomo, akuondolee woga wa kusema "sijui". Na akujalie uzeeke bila hasira kama hii yangu. Nenda salama.