Mzee wa Kwenye Kitambaa

Nichekeni tu, maana mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha. Kwetu mwanamke hakutani na baba mkwe. Akimwona mbele huacha njia akajificha, hata kama ana chungu kichwani. Kwa adabu hiyo mimi hujisifu sana.

Juzi padri mgeni alifika kwetu Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, kwa mtumbwi, na picha za majirani wanaosaidiana. Zilichorwa kwenye vitambaa virefu kama mtu, zikatundikwa ndani ya banda la soko. Nikaingia kutoka juani, macho bado hayajazoea giza. Mbele yangu amesimama mzee mwenye kipara, bega moja limeshuka, anampelekea jirani mgonjwa kuni.

Baba mkwe!

Niligeuka mbio. Chungu nilichokuwa nacho kichwani kikaanguka, na hata askari wa Mdachi aliyesimama mlangoni akaruka kando.

"Gwe, unakimbia nini?" rafiki yangu Tupokigwe akaniita.

"Mzee yumo ndani!"

"Hiyo ni picha!"

Picha gani yenye kipara cha baba mkwe? Nilishaingia migombani, nikajifunika nguo usoni, nikachuchumaa nyuma ya mgomba mnene kuliko yote.

Kando yangu mtu akakohoa.

"Ewe mgomba," ilisema sauti ya baba mkwe, maana kusema nami ni mwiko, "mwambie mkwe wangu kwamba nilitoka kule bandani ili yeye aone picha kwa raha. Sasa nikajifiche wapi tena?"