Mama Akija, Mumzuie Naye

Jumanne, wiki ya pili baada ya Pasaka ya mwaka huu, nilimpoteza mdogo wangu. Tulikuwa tumebaki wawili tu wa tumbo moja. Aliacha mtoto wa kiume ambaye bado hajaanza shule, na mtoto huyo sasa analala kwangu. Ananiita mama mukubwa, kama alivyoniita tangu alipojua kusema. Hakuna aliyemwambia abadilishe, na mimi sikutaka.

Asubuhi ile nilikuwa soko la Kashikishi, kando ya ziwa linalotutenga na Kongo, nikianika chisense. Ni samaki wadogo kama sindano, unawatandaza juu ya mchanga na kuwageuza kwa mkono mpaka wakauke. Nilikuwa nimeinama wakati mchanga ulipotembea chini ya viganja vyangu. Mabati ya soko yakagonga meno. Kisha ukaja mngurumo kutoka chini, mzito, na sisi Wakongo wote tukageuza macho upande wa pili wa maji, kwetu.

"Banaanza tena," mwenzangu akasema. "Ni bombe hiyo."

Mama mmoja wa Kibemba aliyekuwa akipima samaki karibu nasi akacheka. "Vita gani, mayo, mama yangu? Ni udongo unatikisika. Nyinyi hata tumbo likinguruma munasema ni bunduki!"

Tukacheka naye. Lakini niliendelea kutazama ng'ambo.

Yaliyotokea kwenye kambi yetu ya wakimbizi niliambiwa na titsha, yule mama anayelea watoto wetu tukiwa sokoni. Kituo chake ni nguzo za miti, paa la nyasi, na ua uliozungushiwa matete. Tetemeko lilipokuja watoto walikuwa uani wakinywa uji. Hakuna kilichoanguka, maana hakuna kitu kizito cha kuanguka. Baadaye akaja mtu wa ofisi ya kambi kwa pikipiki, akasema vituo vyote vifungwe mapema, kila mtoto arudi kwao. Titsha akatii. Akawa anakabidhi watoto kwa mama yeyote aliyefika.

Mdogo wangu alifika akikimbia. Titsha alimwambia, "Mama, ikala kidogo, upumuzike." Akajibu, "Hapa inje? Batoto banaweza kuwa inje na inchi iko inalia?" Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Aliingia ndani ya nyumba yake, akakaza komeo, akamlaza mtoto sakafuni, ubavu ukigusa ukuta, naye akalala juu yake. Ninajua alivyofanya bila kuambiwa, kwa sababu ndivyo mama yetu alivyotufundisha kule Kongo, miaka ile ya risasi. Ikinguruma, unaingia. Unafunga. Unalala chini, unajibana kwenye ukuta, usisogelee dirisha. Tulilala hivyo mara nyingi, mimi upande huu, yeye upande ule, mama katikati. Ilituponya. Ningekuwa kambini siku ile, ningelala hivyohivyo.

Mchana udongo ukatikisika tena, kidogo tu. Waliokuwa njiani wanasema karibu wasiusikie. Lakini nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, na mvua za mwisho zilikuwa zimelainisha ukuta ule kwa chini. Ukaangukia ndani. Majirani walipofukua walimkuta mtoto chini yake akikohoa vumbi. Yeye hakukohoa.

Tulipomaliza kilio, wazazi wakaitwa kituoni kukubaliana: udongo ukitikisika tena, kituo kifungwe mapema au hapana? Nilikaa nyuma. Viganja vyangu vilikuwa chini, juu ya udongo, nikiusikiliza. Tangu siku ile nimekuwa hivyo. Nyumbani naweka beseni la maji mlangoni na kulitazama. Nikipika bukari, ugali wetu, nalitazama. Kuku akipita na maji yakicheza, nasimama ghafla.

Baba mmoja, mchuuzi wa chumvi, akasimama. "Saa ya hatari mutoto anarudia kwa mama yake. Bon. Tunabishana nini?"

"Mama yake iko Kashikishi na samaki," mwanamke mmoja akamjibu. "Utamupa nani? Utamupa mbuzi?"

"Kuko baba yake."

"Baba yake! Huyo mwenyewe anahitaji kulelewa. Tumulete hapa naye anywe uji."

Watu wakacheka sana. Mchuuzi naye akacheka, akakaa, akasema chinichini kwamba ulimi wa mama huyu unahitaji kufungwa kabla ya kituo. Kisha kicheko kikakatika ghafla. Nadhani walikumbuka kwamba nilikuwa pale.

Titsha akanigeukia. Yeye ni Mbemba; Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini "mukwai" yake ni heshima ya nyumbani. "Mama mukubwa, mukwai, weye unasema nini?"

Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo kila siku na halikukaa sawa. Kituo kingemzuia mtoto, mtoto asingeangukiwa. Lakini mama yake je? Angerudi peke yake, akaze komeo, alale pale pale. Ukuta ungemkuta. Nisingeweza kusema kwamba kufunga mapema ndiko kulikomuua. Wala nisingeweza kusema siko.

"Musifunge," nikasema. "Na mama akikuya, mumukamate naye. Aikale hapa na mutoto wake, mupaka saa ya kila siku ya kurudia kwao."

Mchuuzi wa chumvi alikuwa wa kwanza kuinua mkono, na wengine wakafuata.

Tulikuwa tumekubaliana, lakini mimi sikutulia. Nilimpeleka mtoto kituoni kila asubuhi, nikafika njia ya Kashikishi, nikageuka, nikachungulia kwenye matete, nikaenda tena. Chisense wangu walikauka upande mmoja.

Kisha asubuhi moja nilikuwa kisimani, hapo hapo kambini, ndoo imejaa. Maji yakafanya duara, na duara jingine ndani yake. Hapakuwa na kuku wala upepo. Nikaacha ndoo, nikakimbia.

Nyumba yangu iko njiani. Mlango ulikuwa wazi na miguu ikaanza kukata kona, yenyewe, nikairudisha njiani. Kitu pekee mwilini mwangu kilikuwa kumchukua mtoto, kuingia, kufunga. Nikafika kituoni nikiwa sina pumzi.

Titsha alikuwa ameshika mlango wa matete. "Hatutoe batoto, mama mukubwa."

"Unipe mutoto wangu."

"Ni weye ulisema."

"Ninajua kile nilisema! Unipe mutoto!"

Hakunipa. Alifungua, akanishika mkono, akanivuta ndani, akafunga nyuma yangu.

Watoto walikuwa katikati ya ua, wameketi juu ya mkeka na vikombe vyao, wengine wakifurahia kwamba udongo umecheza. Wangu hakuwa kati yao. Nilimwona pembeni. Alikuwa amelala kifudifudi, amejibana kwenye matete, mikono juu ya kichwa.

Niliketi karibu naye. Sikumvuta. Akageuza uso, shavu likiwa na udongo.

"Mama mukubwa, tunaingia mu nyumba?"

"Hapana. Tunaikala hapa."

Akayatazama matete, akanitazama mimi. Akainuka, akaenda kwenye mkeka, akarudi na kikombe chake, akaketi kando yangu. Uji ulikuwa umepoa na umeshika utando juu. Akautoa utando kwa kidole, akaupangusa kwenye kitenge changu, akanywa.